Anayekaa Kwenye Ndoo

Wifi yangu wa moyoni,

Kabla hujasoma mstari wa pili, weka karatasi chini umshike mtoto. Mnuse, mgeuze mbele na nyuma, mhesabu meno. Mpe maji, mpe chakula, siku hizi anakula kama mpasua mbao, halafu mlaze. Mkono wenye plasta usiuvute, na usimuulize kitu. Nitakueleza mimi mwenyewe, ndiyo maana nimekaa kuandika. Na mwalimu aliyekuletea mpe kiti kizuri, maana kwako si njia yake, kaipinda safari kwa hiari yake, na likizo yenyewe fupi.

Umemaliza? Haya, tusalimiane sasa.

Hujambo, wifi? Hujambo tena? Na wenzako wa kufua hapo hospitali hawajambo? Yule msimamizi wenu anayelinda mashuka kama kayazaa yeye, bado yupo? Na mikono yako je, ile sabuni imeacha kukuchubua? Mimi mzima, namshukuru Mungu, nakula, nalala, nacheka, ila meno mawili ya mbele hayamo tena kinywani. Yalipokwenda utapajua. Usiruke mistari, nakujua, wewe ukipata barua unaanzia chini.

Mwandiko uvumilie. Niliishia darasa la nne, na hata hilo la nne nilikuwa natazama dirishani. Ukiona neno limekaa vibaya, lisome tu kwa sauti yangu, utalielewa.

Mtaani hatujambo, tunapigana kama kawaida. Kinyozi na fundi baiskeli wamepigana majuzi kwa ajili ya kivuli. Kivuli, wifi! Kila mmoja anadai turubai la mwenzake limemnyima kivuli chake. Kinyozi kapigwa pampu ya baiskeli kichwani, fundi kachanwa kiganja kwa mkasi, damu mpaka kwenye kioo cha kunyolea, na mimi nimekaa mlangoni pangu nashona sare za shule, sikukosea hata upindo mmoja. Jioni yake wakawa wanakunywa chai benchi moja. Ndiyo watu wetu hao, unawajua.

Sasa, mtoto. Katika barua yako ya mwanzo wa muhula ulisema umechoka kuandikiwa kwamba hajambo. Ukasema niambie anacheza nini. Mimi nilicheka peke yangu. Nikasema huyu wifi kaenda kufua mashuka au kaenda kusomea udaktari? Mtoto anacheza, basi! Lakini wiki ileile mwalimu wake wa darasa la tatu akaniita shuleni, akanikalisha kwenye dawati magoti yakanifika kidevuni, akaniambia neno hilohilo. Akasema mtoto ana akili, hesabu anapata, kusoma anasoma, lakini hafungui mdomo, na mtu akivuta kiti ghafla anajikunja kama jani la kifauwongo. Akataka nimchunguze anavyocheza nyumbani, siku kwa siku, kisha nije nimwambie. Nikamuuliza nimchunguze nini, kwani ni mchele? Akacheka kidogo, halafu akanirudia polepole, kama anayemwelekeza mgeni njia.

Basi nikachunguza. Kazi ya kuchunguza watu mimi sihitaji kufundishwa, mtaa mzima unaniita Redio, na cherehani changu kiko mlangoni, uwanja wote naumiliki kwa macho. Nikawa nashona huku namtazama somo yangu. Ndiyo, bado namwita somo. Mlipompa jina langu mlidhani nitafurahi, na nilifurahi, lakini kumwita kwa jina hilo siwezi, naona kama najiita mwenyewe.

Mwanzo, ulipoondoka tu na mumeo Kitinda akahamia kule gereji akaniachia mtoto, alikuwa hachezi. Alikuwa mshika kamba. Wenzake wanaruka, yeye anazungusha. Ukimwambia ruka na wewe, anasema mkono wake haujachoka. Miezi mitatu ya kuzungusha kamba, wifi! Halafu siku moja, sijui nini kilimpanda, akamkabidhi mwenzake kamba akaingia. Akaruka mara mbili, ikamnasa, akatoka. Kesho yake kumi. Sasa hivi anaruka huku anahesabu kwa mbilimbili mpaka mia, na pale anapofika themanini mtaa mzima unahesabu naye, na kinyozi na wembe mkononi, wateja wake wanaomba Mungu.

Kokoto za kudaka anagawa yeye, maana wamemwona hadanganyi. Kupiga mluzi alijifunza jino la mbele lilipong'oka. Kusoma ndiyo usiseme, anasoma kila kitu, pakiti ya sabuni, kibao cha fundi, mpaka karatasi zangu za vipimo, akaja kuniuliza mbele ya mteja kwa nini kiuno cha mama huyu kimeandikwa na kukatwa mara tatu. Nilitamani ardhi inimeze. Yule mama alitaka kunitia ngumi.

Na uzi! Anatia uzi kwenye sindano bila kuulamba. Nilimpa mabaki ya vitambaa akajitengenezea mwanasesere, kichwa, mikono, miguu, nywele za sufi. Hapo sasa sikiliza. Kila akitoka shule anamchukua yule mwanasesere, anampigiza kichwa kwenye ngazi, mara tatu, hasemi kitu, uso mkavu kama anayepiga vumbi kwenye mkeka. Kisha anamvuta mkono mpaka mshono unaachia. Kisha anakaa chini, anamvua nguo, anamkagua, anamshona. Mishono midogo, sawasawa, mizuri kuliko yangu. Na mimi, wifi, nilikuwa najivuna. Nawaonyesha wateja mwanasesere mwenye makovu mwili mzima, nawaambia tazameni mkono wa mtoto wa miaka minane, huyu ndiye atakayerithi cherehani changu.

Nilimweleza mwalimu haya yote. Aliandika. Akaniuliza na akicheza na wenzake, anacheza nini zaidi? Nikasema baba na mama, kama watoto wote.

Wanachezea pale nyuma ya bomba, wametundika shuka bovu likawa mlango. Somo yangu ndiye baba. Siku zote yeye, hajawahi kumwachia mtu. Mama ni mtoto wa fundi baiskeli, kwa sababu ana mwili, anavumilia. Na yule mtoto mdogo wa kinyozi, wa miaka minne, tunamwita Tone kwa udogo, wamemgeuzia ndoo akakalia, anachezesha miguu juu chini, juu chini, huku anatoa sauti trrrr, trrrr. Baba anarudi kazini. Anauliza chakula. Anavua saa, kajisokotea saa ya uzi mweusi, anailaza kwenye tofali taratibu isije ikavunjika. Anashusha shuka. Anapiga kwenye ile ndoo mara mbili, ngo, ngo. Hapo Tone anaongeza mwendo, trrrrrr, na baba anaanza kupiga.

Na anapiga kweli. Mateke, makofi, anamkamata nywele. Mtoto wa fundi alikuwa anarudi kwao na alama, mama yake anadhani ni mpira. Siku moja akazidiwa akalia mapema. Somo akachukua mpini wa kamba, wa mti, akampiga nao mdomoni. Jino lililia kwenye tofali kama shilingi. Tangu siku hiyo tunamwita Pengo. Fundi alikuja kwangu na pampu ileile iliyokuja kumpasua kinyozi, povu linamtoka, nikamtuliza kwa maneno na kwa kumtilia kiraka suruali yake ya kazi.

Nilimshika mtoto nikamuuliza kwa nini kampiga mwenzake mdomo. Akanijibu vizuri tu, kama anayenieleza sheria ya kuruka kamba, kwamba Pengo alilia kabla mlango haujafungwa, na mama halii kabla mlango haujafungwa. Nilicheka, wifi. Nilikwenda kumsimulia mke wa fundi, tukacheka mpaka tukashikana mabega, na jino la mwanawe limo mfukoni mwake kwenye kitambaa.

Nikamuuliza tena somo, na huyu Tone hapa kwenye ndoo, yeye ni nani? Akasema huyo ni fundi wa cherehani. Akasema ile ndiyo nafasi rahisi kuliko zote, ndiyo maana wanampa mdogo. Fundi hana la kufanya. Akanyage tu, na asiache mpaka baba achoke.

Hapo pia nilicheka. Ila hili sikwenda kumsimulia mke wa fundi.

Mwalimu nilimweleza saa ya uzi, nikamweleza shuka, nikamweleza jino. Ndoo sikumweleza.

Sasa tufike kwenye mkono. Unajua Kitinda alikuwa anatuma watu huku na kule kwamba kabadilika, kaacha ulevi, anataka kurudisha nyumba yake. Baba mkubwa kafurahi, kapanga kikao cha ukoo Jumapili hii, ili uitwe urudi, na usiporudi, mtoto ahamie kwa baba yake kule gereji. Hilo wewe hujalisikia, nilikuficha. Jumanne wiki hii, saa tisa, mtoto katoka tu shule, huyo Kitinda kaingia. Kanyoa, kachomekea shati, kamletea mtoto viatu. Mdogo wangu ni mzuri wa sura, unajua mwenyewe, akitabasamu hata deni unalisahau. Nikampa chai. Nilikuwa na rundo la sare za kupiga pasi, pasi imejaa mkaa inachemka, na cherehani kina sketi nusu.

Akamuuliza mtoto mama yako anakaa wapi siku hizi. Mtoto akasema hajui. Anajua! Bahasha zako zote anazo yeye, kaziweka ndani ya tumbo la yule mwanasesere, kamshonea ndani. Akamuuliza tena kwa upole. Hajui. Basi nikamwona Kitinda anafungua mkanda wa saa. Akailaza saa yake juu ya meza yangu, juu ya kitambaa, taratibu. Akainuka akafunga mlango, akatia komeo. Akapita karibu yangu, akagonga ubao wa cherehani kwa kidole kilichokunjwa. Ngo, ngo.

Wifi, naapa, miguu yangu ilianza yenyewe. Nilikuwa nakanyaga. Sketi iliisha ikaanguka upande wa pili, sindano inatoboa hewa, na mimi nakanyaga.

Akamshika mtoto mkono, huu wa kushoto, akaupinda nyuma. Akamuuliza. Hajui. Akaupinda tena. Mtoto hakumtazama baba yake hata kidogo. Alikuwa ananitazama mimi, tena si usoni. Ananitazama miguu. Nikasikia mfupa, ka! Kama rula ya mti.

Ndipo nikaacha kukanyaga.

Kitinda akageuka. Hakuonekana mkali, alionekana kama mtu ambaye taa imemzimikia. Akaniambia, dada, shona.

Nikaichukua pasi. Nilimpiga nayo ya sikio, kifuniko kikafunguka, mkaa wote ukaingia kwenye kola. Alicheza, wifi! Alicheza uchezaji ambao hajawahi kuucheza harusini! Shati linawaka, anajipiga mwenyewe makofi mgongoni, kwa mara ya kwanza anapiga anayestahili. Nikampiga ya pili begani, ngozi ikabaki kwenye bati. Akanirudishia ngumi ya mdomo, meno mawili yakaenda nayo, nikayasikia yakigonga kwenye kikombe chake cha chai. Nikaanguka juu ya sare. Akaja kunikanyaga, akanikanyaga mbavu, nikamng'ata mguu kwa meno yaliyobaki. Mtoto na mkono wake unaning'inia akapita chini ya meza akalifungua dirisha.

Na mimi dirisha likishakuwa wazi, unanijua. Nilipiga kelele. Lakini sikupiga kelele ya jamani njooni. Nilisema yote. Damu inanitoka nasema, yeye ananipiga nasema, siku kwa siku, mwezi kwa mwezi, mambo ya ukuta ule uliokuwa kati yangu na ninyi, mtaa mzima ukasimama. Fundi na kinyozi wakavunja mlango pamoja, mmoja na pampu mmoja na kiti cha kunyolea. Walimpiga mpaka nikawaomba waache. Ndiyo, niliwaomba. Nilimbeba mgongoni yule, wifi, nilimtafunia chakula.

Mtoto tulimpeleka zahanati, wakamtia plasta, wakasema mfupa mdogo unaunga upesi. Hakulia mpaka daktari alipofunga mlango. Mlango ulipofungwa tu, akalia. Nikajua sheria ile imemwingia mpaka kwenye damu.

Kitinda yuko kituoni, sikio limefungwa bandeji. Jumatano asubuhi baba mkubwa alifika kwangu na shangazi wawili. Wakakaa. Wakanipa pole. Baba mkubwa akasema sisi ni damu moja, kwamba bati la pasi na meno yangu mawili yamelipana, kilichobaki ni mkono wa mtoto, na mtoto mwenyewe alijikwaa kwenye cherehani akaanguka. Nikaseme hivyo kituoni, Kitinda atoke, Jumapili tukae kama ukoo. Alisema kwa upole, kama mtu anayekuomba umpishe njia. Na mimi nilijua wapi alipata uhakika kwamba nitakubali. Nimeshasema uongo kama huo mbele yake.

Sasa wifi, kama umesimama, kaa.

Katika kile kikao cha mwaka jana, siku ulipofunua bega lako mbele ya wazee, wakaniita mimi niliyepakana nanyi ukuta. Wakaniuliza nimesikia nini. Nikasema sijasikia kitu, cherehani changu kinapiga kelele sana. Ukanitazama. Baadaye uliniambia huna kinyongo, kwamba kweli cherehani kile kelele zake hata wewe ulikuwa unazisikia kutoka huko ndani. Ukaitwa mwongo, ukaambiwa uende zako na mtoto abaki upande wa baba. Ukaondoka unaniaga kwa kunikumbatia.

Nilikuwa nasikia, wifi. Nilisikia kila siku. Tena kusikia ni kidogo. Kitinda alikuwa akinigongea ukuta. Mara mbili. Na mimi naanza.

Mara ya kwanza alikuja mwenyewe kunieleza, mlikuwa mmeoana miezi sita. Alisema wewe una kelele, kwamba nyumba za watu zinavunjwa na midomo ya majirani, na midomo ya mtaa huu mimi ndiye ninayeijua zaidi. Akasema dada, ukinisikia nagonga, kanyaga, tufunike aibu yetu. Nikaona ana haki. Mimi ninayesimulia ya kila mtu, ya kinyozi, ya fundi, ya mke wa bucha, nilijua hasa watakavyotusimulia sisi. Basi nikawa nakanyaga. Sketi ikiisha nakanyaga hivihivi, bila kitambaa. Nilijifunza mpaka kujua kwa mlio lini atachoka. Na akishatoka, nakuja kwako na bakuli la maji ya chumvi, nakukanda, nakuuliza umeanguka wapi, wifi.

Ile siku alipokuumiza bega nilikanyaga mpaka mkanda wa cherehani ukakatika. Ulipokatika nilitia uzi mara nne nikafunga, nikaendelea.

Na mtoto alikuwa wapi? Alikuwa kwangu. Ulikuwa unamleta kwangu ukisikia mlango wa mbele, unaniambia nikae naye. Alikuwa anakaa sakafuni, pembeni ya pedeli, anatazama miguu yangu. Nilikuwa nadhani ananitazama nikishona. Nilikuwa nampa vifungo acheze.

Ndiyo kiti changu hicho kwenye mchezo wao, wifi. Ndoo ni yangu.

Baba mkubwa alipomaliza nikamwambia asante kwa pole. Nikavaa kilemba nikaenda kituoni, nikaomba karatasi, nikayaandika haya kwa mkono wangu, ya ukuta na ya mkono wa mtoto. Askari aliniuliza nikiandika hivi najua najitia mwenyewe ndani? Nikamwambia nitie basi, ila kwanza uniambie hili neno linaandikwaje. Hakunitia. Alisema nitaitwa. Na Jumapili nitakwenda kikaoni, nitasema vilevile, wakitaka wanipige, meno ya nyuma bado ninayo. Lakini mtoto hatakuwepo wa kugombaniwa. Ndiyo maana kaja. Wamesema ni wa upande wa baba, na mimi ndiye upande wa baba, nimemleta kwako. Usimrudishe hata nikikuandikia barua nyingine ya kukuomba. Ikija barua hiyo, jua wameniandikisha.

Ulitaka kujua anacheza nini. Nikuambie la jana, la mwisho, halafu nifunge.

Walirudi pale nyuma ya bomba. Somo kwa sababu ya plasta akamwachia Pengo awe baba, mara ya kwanza. Yeye akasimama tu pembeni. Pengo kavua saa ya uzi, kailaza. Kashusha shuka. Kagonga ndoo, ngo, ngo. Tone akaanza, trrrr. Pengo akainua mkono. Na somo yangu akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba leo fundi anainuka. Tone akaacha miguu, akamtazama kama hajaelewa. Akamwambia tena, inuka. Kale kadude kakashuka kwenye ndoo, kakasimama.

Basi, wifi, hawakujua cha kufanya. Pengo mkono uko hewani anauliza, sasa je? Hakuna aliyejua, mchezo haujawahi kufika huko. Halafu Tone akaigeuza ile ndoo akaenda kuchota maji, na wengine wakachukua kamba.

Mimi nilikuwa dirishani. Sijawahi kulia hivyo hata msibani.

Msalimie kila mtu huko, msalimie na yule mlinzi wa mashuka. Mwalimu mwambie nitamshonea gauni, achague rangi. Mke wa fundi anakusalimu, kinyozi anakusalimu, na Pengo anasema mwambie somo asisahau kwamba kokoto tano ni zake. Wewe ukitaka kunijibu nijibu, usipotaka nitajua, na sitakuwa na la kusema. Lile gauni alilovaa mtoto litazame kwa ndani. Nimelishona kwa mkono, maana tangu Jumanne miguu inakataa pedeli. Upindo wa chini kaushona yeye, kwa mkono mmoja, mimi nimemshikia kitambaa tu.

Ni mimi, wifi yako wa upande wa pili wa ukuta,
yule wanayemwita Redio.